Mzee Sifuri Atafuta Mfuniko

Choo cha ndani kilitoa onyo wiki nzima, tena kwa lugha ambayo kila mwenye pua angeielewa. Mzee Sifuri hakuielewa. Alikuwa uani na mashine yake ya kutafutia vyuma, masikioni kavaa hedifoni kubwa kama vifuu viwili, na mtu aliyejiziba masikio namna hiyo hasikii choo kikikoroma. Basi asubuhi ile maji yalipopanda badala ya kushuka, yakavuka kizingiti cha bafu na kuanza kuelekea sebuleni taratibu, wa mwisho kupata habari alikuwa mwenye nyumba.

Habari aliletewa na mkewe. Alisimama kwenye mlango wa nyuma, ndoo mkono huu, tambara la kudekia mkono ule.

"Bwana Mkaguzi," akasema, na akimwita hivyo ujue hakuna heri. "Shimo limejaa."

Mzee akavua kifuu kimoja. "Nini kimejaa?"

"Shimo la choo. Limejaa mpaka linatapika. Nimeshapiga simu, gari la majitaka linakuja leo kabla ya adhuhuri. Dereva kaniuliza jambo moja tu, kama mfuniko uko wazi."

"Mfuniko," mzee akasema, kama mtu anayejaribu neno geni mdomoni.

"Mfuniko wa shimo. Uko chini ya udongo."

"Najua uko chini ya udongo," akajibu. Hakujua. Ndiyo kwanza anasikia kwamba nyumba yake ina mfuniko.

"Vizuri kama unajua. Na jingine, teksi inakuja mchana. Naenda kwa binti yetu. Nitakaa huko."

Nyuma yake, kwenye ujia, lilisimama begi kubwa jeusi, lile la magurudumu, limejazwa mpaka zipu inalalamika. Binti yao alikuwa amejifungua, hilo lilijulikana. Lakini mtu anayekwenda kumwona mzazi na kurudi habebi sweta zake zote na viatu vya kila msimu. Yeyote mwenye akili kidogo angeuliza utakaa mpaka lini, au kuna nini, mke wangu. Mzee Sifuri alilitazama lile begi kutoka juu mpaka chini, akasema, "Haya."

Haya! Mtu kakunja nusu ya kabati, wewe unamwambia haya.

Msidhani hakuumia. Aliumia sana. Lakini huyu ni mtu aliyezoea kupima mambo, siyo kuyazungumza, kwa hiyo akaliweka lile begi kwenye mizani ya kichwa chake na kupata jibu. Mke wake, alivyoona yeye, amechoshwa na mashine. Amechoshwa na mashimo uani, na milio, na udongo kwenye zulia. Na aliyechoshwa na mashine kwa sababu haijapata kitu dawa yake ni moja, mashine ipate kitu. Ikiuona huo mfuniko leo, mbele ya dereva na mbele ya majirani, mama watoto atasema "kumbe!", begi litarudi chumbani, na mambo yatakwisha. Hesabu ilimkalia sawa kabisa. Hesabu zake zote zilimkalia sawa, maana mkaguzi wa hesabu hizo alikuwa yeye mwenyewe.

Ni vyema mjue kwamba mzee huyu alikuwa mkaguzi wa mizani. Maisha yake yote ya kazi alizunguka masokoni na madukani na sanduku la mawe ya kupimia, akiwatoa jasho wauza nyama. Aliingia dukani hasalimii, anaangalia kwanza kama mshale wa mizani umekaa kwenye sifuri. "Sifuri ndiyo mwanzo wa haki," alikuwa akisema, na alilisema neno hilo mara nyingi mno hata watu wakamwita Mzee Sifuri, mwanzoni kwa hofu, baadaye kwa sababu nyingine. Baadaye ni baada ya kustaafu, aliponunua mashine. Tangu siku hiyo mpaka asubuhi ile ya choo, jumla ya vitu alivyovipata ni kifuniko kimoja cha soda, na hicho kilikuwa juu ya ardhi. Alikikanyaga kwa kiatu.

Na kazi hiyo ya mizani ilimweka barabarani. Bati lilipoezuliwa na upepo, alikuwa safarini. Watoto walipozaliwa, wote, alikuwa safarini. Shimo la choo lilipochimbwa na ua uliposawazishwa, nadhani hamhitaji kuambiwa alikuwa wapi. Alirudi akakuta choo kinavuta maji, akakitumia, akapanga nguo safi kwenye sanduku na kuondoka tena.

"Fundi aliyechimba shimo keshahama zamani," akamwambia mkewe, akijipangusa mikono kitaalamu. "Hapatikani. Lakini usijali, mashine ipo."

Mkewe akamtazama. Lilikuwa jicho refu, la mtu anayeona jambo kwa mara ya kwanza na hapendi anachokiona.

"Hujui uliko," akasema polepole.

"Nitajua sasa hivi."

"Na huna la kuniuliza?"

"La kuuliza lipi? Hii ni kazi ya kitaalamu, mama. Nakuomba kitu kimoja tu, kaeni kimya, wewe na kila mtu. Mashine inataka utulivu isikie."

"Nikae kimya."

"Kabisa."

"Haya," mkewe akasema. Akaweka ndoo chini, akavuta kigoda, akakaa pale mlangoni na kukunja mikono.

Basi mtaalamu akaanza kazi. Mashine yenyewe ni fimbo yenye mshikio juu na sahani chini, na katikati kijisanduku chenye vitufe. Unapitisha sahani juu ya ardhi, kukiwa na chuma inalia. Rahisi, ungedhani. Shida ni kwamba ardhi nayo ina madini yake, hii zaidi, ile kidogo, na mashine ikiachwa hivihivi itaulilia udongo mtupu kama mtoto anayelilia kila anayepita. Kwa hiyo kabla ya yote lazima uisawazishe na ardhi. Unatafuta mahali pasipo na chuma chochote, unainua sahani na kuishusha, unainua na kuishusha, huku unazungusha kitufe, mpaka ule mngurumo usipande wala usishuke. Hapo mashine imeshaizoea ardhi, haiishangai tena. Kinachobaki kuishangaza ni chuma peke yake.

Hayo yote yaliandikwa kwenye kijitabu cha maelekezo. Kijitabu kilisema pia kwamba ukihama sehemu usawazishe upya, maana udongo hubadilika. Hapo ndipo mzee alipokipuuza kijitabu. Mtu aliyefunga maduka ya wauza sukari kwa sababu ya mshale kukaa pembeni kidogo aambiwe sifuri inahamahama? Kazini kwake mizani ya rejea ilikaa mahali pamoja, juu ya meza moja ya mawe, na aliyethubutu kuisogeza aliandikiwa barua. Sifuri ni moja. Haitembei.

Kwa hiyo siku ile ya kwanza ya mashine alizunguka ua mzima akitafuta mahali pa kuweka sifuri yake. Akapapata katikati, baina ya tangi la maji na kamba ya kuanikia nguo, mahali ambapo mashine ilipiga kelele kuliko kwingine kote. Mtu mwingine angeshika jembe. Yeye alifurahi. Hapa, akajiambia, ndipo kwenye ardhi korofi kuliko zote, na ukaguzi mzuri huanza na mkorofi. Tukimnyamazisha huyu, waliobaki ni wepesi. Akainua sahani na kuishusha asubuhi nzima, anazungusha kitufe, mpaka kitufe kikafika mwisho kabisa na mashine ikanyamaza kimya. Akatoa kopo la rangi nyeupe, akaweka pale jiwe bapa na kulichora msalaba. Tangu hapo kila asubuhi, baada ya chai, alikwenda kusimama kwenye alama yake, akaisawazisha mashine pale, ndipo akaenda kuzunguka.

Na asubuhi hiyo hiyo ya choo alifanya vivyo hivyo. Akaenda kwenye alama, miguu akaitanua, akainua na kushusha, akainua na kushusha. Kimya. "Sifuri," akasema kwa sauti, ili mlangoni wasikie.

Mlangoni mkewe aliinuka nusu, mdomo wazi, kidole kimeshaanza kunyooka. Mzee akamwekea kiganja hewani bila hata kugeuka. "Ukimya, tafadhali."

Mama akakaa tena chini. Akajikunja upya ile mikono, sasa kwa nguvu zaidi.

Mzee akashuka kutoka kwenye alama yake, akapiga hatua kadhaa kuelekea kitalu cha mchicha, na mashine ikaanza kupiga yowe. Ikapiga yowe kwenye mchicha, ikapiga yowe chini ya kamba, ikapiga yowe ukutani. Haikuacha mahali. Hayo kwake yalikuwa ya kawaida, na maelezo alikuwa nayo, kwamba eneo hili ni tajiri. Akachagua yowe lililomvutia zaidi, akachimba. Udongo. Akachagua jingine. Udongo. Kule kwenye mchicha alichimba kwa moyo wote mpaka mchicha ukaisha, akapata udongo ulio mweusi kidogo kuliko ule wa mwanzo, akaupondaponda kwenye vidole na kutikisa kichwa kana kwamba umemwambia siri.

"Jirani," ikaita sauti kutoka juu ya ukuta. Ilikuwa ya kinyozi wa nyumba ya pili, ambaye choo chake tangu asubuhi kilikuwa kinahudumia familia mbili na hivyo alijiona ana haki ya kuchangia. "Umepata mafuta?"

"Natafuta mfuniko wa shimo."

"Aa! Mimi nilidhani unapanda migomba." Kinyozi akaegemea ukuta vizuri, kama mtu aliyepata kiti cha mbele. "Mbona mama yupo hapo kakaa tu, hakusai—"

"Kimya!" mzee akafoka. "Mashine inasikiliza."

"Samahani, mashine," kinyozi akasema.

Jua likapanda. Mzee akachimba chini ya kamba ya nguo, na nguzo ya kamba ikainama, ikafikiri kidogo, kisha ikalala na mashuka yote. Akachimba kando ya tangi. Shati lilimnata mgongoni, mikono ikaota malengelenge, na kila alipoinua macho aliliona begi jeusi kule ujiani. Alitaka kulia, kusema kweli. Si kwa ajili ya choo. Alijiona akila peke yake kwenye meza ile, kijiko kimoja, sahani moja, na mashine imeegemea kiti cha pili, na alipojiona hivyo akachimba kwa kasi zaidi, maana kuchimba ndilo jambo pekee alilolijua la kufanya kuhusu huzuni.

Mkewe akajaribu mara ya pili, safari hii kwa kumletea maji. Alimpa kikombe, akasubiri anywe, akasema kwa upole kabisa, "Baba, una hakika huhitaji msaada?"

"Msaada wa nini? Nimekaribia."

Mama akapokea kikombe chake, akarudi kwenye kigoda.

Gari la majitaka likafika likitangulizwa na harufu yake. Dereva alikuwa mtu mfupi mwenye buti ndefu, aliyeshuka huku anavaa glavu na kupiga mluzi, lakini alipoingia uani mluzi ukamkauka. Akatazama mashimo kulia, akatazama mashimo kushoto. Akatazama mashuka yaliyolala kwenye udongo.

"Mzee," akasema, "mimi nimekuja kunyonya. Wa kuzika wanakuja na gari lao."

Kinyozi juu ya ukuta alicheka mpaka ikabidi ashikilie tofali.

"Dakika moja tu," mzee akasema, akipitisha sahani kwa haraka, na mashine ikalia, ikalia, ikalia. "Hapa, unasikia? Hapa kabisa!"

"Nasikia. Inalia kila mahali."

"Eneo ni tajiri."

"Basi acheni choo, mchimbe madini." Dereva akaangalia gari lake, akaangalia mzee. "Sikilizeni. Kuna watu wengine wananingoja. Mfuniko hauonekani, mimi nakwenda. Mwiteni fundi avunje sakafu ya bafu, afuate bomba mpaka litakapomfikisha. Ndiyo njia iliyobaki."

Sakafu ya bafu! Ilikuwa ndiyo basi. Sakafu itavunjwa, gari litaondoka, teksi itakuja, na mke wake atakwenda zake akiwa ameiacha nyumba inayonuka na mume aliyeichimba. Akasimama katikati ya kazi yake ya asubuhi nzima na fimbo mkononi.

"Shimo lilipochimbwa," dereva akauliza, akivua glavu, "hapakuwa na mtu nyumbani?"

"Mimi sikuwepo, nilikuwa kazini. Alikuwepo fundi, na..."

Fimbo ikamponyoka mkononi.

Ni swali ambalo mtu wa kawaida hujiuliza akiwa bado kitandani. Kwake lilikuwa limetembea barabara ndefu sana, lakini hatimaye lilifika. Alikuwepo fundi, na alikuwepo nani mwingine? Nani alikuwepo bati lilipoezuliwa? Nani alikuwepo wakati wote ambao yeye alikuwa safarini akiwauliza wauza nyama gramu zimekwenda wapi? Akageuka polepole. Kule mlangoni mama watoto alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mikono imekunjwa, kimya kama alivyoagizwa.

Mzee akavua hedifoni. Msione kwamba ni jambo dogo. Mtu huyu alikuwa hajawahi kuuliza kitu asichokijua mbele ya watu. Kazini kwake aliyeuliza ni yule aliyekwisha kuiona hatia.

"Mke wangu," akasema. "Mfuniko uko wapi?"

Kinyozi akanyoosha shingo juu ya ukuta.

"Unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe."

Mama akainuka, akajipangusa kanga, akanyoosha kile kidole kilichokuwa kikimuwasha tangu asubuhi. "Pale. Kwenye msalaba wako."

"Haiwezekani," mzee akasema haraka. "Pale hapana kitu. Nimepapima kila siku. Ni mahali pekee katika ua huu ambapo mashine haipi—"

Na hapo akasikia maneno yake mwenyewe. Mahali pekee ambapo mashine haipigi kelele. Kwa sababu kila asubuhi, baada ya chai, alikuwa akiisimamisha mashine juu ya pande la chuma na kuifundisha kwamba hiyo ndiyo ardhi, hiyo ndiyo kawaida, hiyo isiishangae. Ikajifunza vizuri, maskini. Halafu akiitoa pale na kuipeleka kwenye udongo wa kweli, inapiga yowe, kwa sababu udongo umekuwa kitu cha ajabu. Mwaka mzima na zaidi alikuwa akitembea na mashine inayoona ardhi ni hazina na chuma ni hewa.

Dereva hakungoja falsafa. Alichukua jembe, akaling'oa lile jiwe la msalaba kwa teke, akapiga. Mara mbili udongo, mara ya tatu likalia, ng'aa! Shubiri moja chini. Akafukua pembeni, ukatokea mfuniko wa chuma mzito, mpana kama meza ya kulia, na mishikio miwili ya kuinulia.

"Mzee," dereva akasema kwa heshima ya kweli, "huu hata kwa fimbo ya kutembelea ungeupata."

"Ulijua," mzee akamgeukia mkewe. Sauti yake ilikuwa nusu hasira, nusu aibu, na aibu ilikuwa nusu kubwa. "Muda wote huu ulijua, ukaniacha nichimbe!"

"Nilikuwepo, nitakosaje kujua? Nilisimama juu ya kichwa cha fundi na tumbo la huyu huyu binti yetu. Nikamwambia weka mfuniko mzito, watoto wasije wakatumbukia. Uliporudi ukatazama ua, ukasema umesawazishwa vizuri, ukaondoka."

"Lakini leo! Ungesema leo!"

"Baba, mimi nilidhani unajua! Kila asubuhi nakuona unakwenda kusimama juu yake, nikasema mzee kajichagulia mahali imara. Leo ndiyo nimetambua kwamba hujui hata choo chako kinakwenda wapi. Nikataka kukwambia, ukaninyamazisha. Nikakuuliza huna la kuniuliza, ukasema huna. Nikakuletea maji, ukasema umekaribia." Akavuta pumzi. "Nikasema acha nimwone. Nimwone mwanamume huyu anaweza kuchimba mpaka wapi kabla hajaniuliza mimi."

Kinyozi akatoweka nyuma ya ukuta. Kuna vichekesho ambavyo hata yeye hakuvitaka.

Mfuniko ukainuliwa, bomba likaingizwa, gari likaanza kunguruma. Sitawaelezea kilichokuwemo. Itoshe kusema bomba liliruka mara moja, dereva akaruka pembeni kwa uzoefu, na mzee ambaye hakuwa na uzoefu akabaki aliposimama. Hakujali. Alikuwa anamtazama mkewe aliyeingia ndani na kutoka na begi, magurudumu yake yakigonga kila kigae cha ujia.

Honi ikapigwa nje. Teksi.

Akamfuata hadi kwenye geti la mbele. Mashine aliiacha ilipoangukia. "Ni kwa sababu ya mashine?" akamuuliza. "Nitaitoa. Leo hii naitoa."

"Mashine ina kosa gani? Imefanya ulichoifundisha." Mama akaliachia begi, akageuka, na sasa macho yake yalikuwa mekundu. "Binti yako kajifungua. Nilikwambia tukiwa mezani. Unakumbuka uliuliza nini?"

Mzee alikumbuka. Angependa sana asikumbuke.

"Uliuliza ana kilo ngapi. Nikakutajia. Ukasema mizani za hospitali haziaminiki. Ukanywa chai yako ukaenda uani." Sauti ikamvunjika. "Hukuuliza binti yako yu hali gani, aliumia, hakuumia. Hukuuliza kama mimi nimelala usiku ule. Hukuuliza kitu. Maisha yote nakaa kwenye nyumba hii na mambo yamenijaa kifuani, najibu maswali ambayo hayaulizwi. Nimechoka. Nakwenda mahali ambapo mtu ataniuliza hata kama nimekula."

Dereva wa teksi, ambaye alikuwa ameshuka kuchukua begi, alipata shughuli ya ghafla ya kufuta kioo cha mbele.

Mzee Sifuri alisimama pale, ananuka, mikono imevimba. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na kwa mara ya kwanza hakuwa na kipimo cha kuupimia woga wenyewe.

"Binti yu hali gani?" akasema.

Mkewe akalishika tena begi.

"Wewe umelala? Usiku ule. Ulilala?"

"Sikulala," mama akasema.

"Na mtoto..." Ilikuwa aibu kubwa kuliko ya mfuniko, kuliko ya mashimo yote na ya kinyozi juu yake, lakini aliisema. "Mtoto anaitwa nani?"

Mama alimtazama kuanzia kichwani, udongo kwenye nywele, shati lililonata, mpaka chini kabisa ambako bomba lilikuwa limemfikia. Kisha akamgeukia dereva wa teksi.

"Subiri kidogo," akamwambia. "Kuna mzee hapa anakwenda kuoga na kubadilisha suruali, halafu tutapanda."